Ukiambiwa "kwani unamficha nani?" utajibu nini

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hizi hela za mtandaoni kama Bitcoin, mkizitangaza msianze kuwaambia watu "hapa hakuna anayekuona". Mi nilianza hivyo kwa shangazi yangu anayeuza vitenge, akaniuliza swali moja tu, kwani we unamficha nani? Nikabaki nimekodoa macho.

Someni yaliyowapata wenzetu. David Chaum wa Marekani alitoa hesabu zake tangu miaka ya 80 mwanzoni, benki inasaini noti yako ya kwenye kompyuta bila kuona namba yake, kama vile unasaini bahasha iliyofungwa halafu kaboni ya ndani inapeleka sahihi kwenye karatasi. Akafungua kampuni ya DigiCash huko Amsterdam, na mwaka 1995 Mark Twain Bank ya St. Louis ikaanza kutoa hela hiyo. Jina safi, benki ya watu wa heshima, ila wenye maduka wanasubiri wateja na wateja wanasubiri maduka, 1998 kampuni ikafilisika.

Bitcoin yenyewe ilipata wateja, tatizo ni wateja gani. Desemba 2010 watu walitaka WikiLeaks, ile tovuti ya kuvujisha siri za serikali, ichangiwe kwa Bitcoin, Satoshi mwenyewe aliyeibuni akaomba wasiitumie maana bado changa. Haikupita muda, 2011 Silk Road ikafunguliwa, soko la madawa ya kulevya, na watu kibao jina la Bitcoin walilisikia hapo kwa mara ya kwanza. Wa kwanza kununua ndo anakubatiza jina, tangazo lako zuri linakuta watu washaamua.

Na kinachonichekesha ni kwamba Bitcoin hata haifichi hivyo! Maajenti wawili wa serikali ya Marekani waliokuwa wanachunguza Silk Road waliiba bitcoin za kesi hiyohiyo, daftari la wazi la Bitcoin, linaloandika kila kinachotumwa, likasaidia kuwafuatilia mpaka jela.

Kwa hiyo shangazi nilimrudia na maneno mengine. Nikamwambia, M-Pesa kampuni inakujua kwa kitambulisho ila jirani haoni unachotuma, Bitcoin jirani anaona kila kinachotumwa ila hajui ni wewe. Akafikiri kidogo, akauliza, je siku akijua ni mimi? Nikamwambia hapo anaona mpaka za nyuma zote. Akasema afadhali umesema mapema, haya nionyeshe inavyofanya kazi.