Dawa ya Kupuliza Puani kwa Aliyefunga, na Kafara Isiyokuwepo

SWALI: Asalamu alaykum, shekhe wetu. Naishi Pongwe, Tanga, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nasumbuliwa na mafua ya mzio: nyasi zikichanua baada ya mvua na mahindi yakitoa mbelewele, napiga chafya mfululizo, pua inaziba, macho yanawasha na kutoka machozi, na usiku silali. Daktari aliniandikia dawa ya kupuliza puani, nipulize mara mbili kila tundu, mara moja kwa siku, nami nikawa naitumia kila asubuhi nikapata nafuu kubwa. Ramadhani iliyopita niliendelea nayo vivyo hivyo. Baada ya Idi, shemeji yangu ambaye huhudhuria darsa aliniambia kwamba funga zangu zote zimebatilika, kwamba mafua si ugonjwa wa kumpa mtu ruhusa, na kwamba nadaiwa kafara ya siku 60 kwa kila siku niliyopuliza. Mume wangu amenyamaza. Dawa nimeiacha kwa hofu, na hali imenirudia mpaka darasani sauti haitoki. Je, nadaiwa nini, na Ramadhani ijayo nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwanangu, nimelisoma swali lako nikasikitika, kisha nikakaa kuhesabu. Tukitoa siku za hedhi, tuseme ulifunga siku 23. Kwa hukumu ya shemeji yako unadaiwa siku 1,380, karibu miaka minne ya kufunga mfululizo, kwa sababu ya dawa ambayo kipimo chake cha siku nzima hakifiki sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Naanza na hili la kafara kwa kuwa ndilo lililokunyima usingizi kuliko hata mafua yenyewe.

Kafara ya kufunga miezi miwili mfululizo imekuja katika hadithi ya Abu Huraira, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akisema ameangamia, kwa kuwa alimwingilia mkewe mchana wa Ramadhani. Kwa Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tuliyolelewa nayo pwani hii, kafara hiyo haivuki tendo hilo. Hata mtu akila wali mchana kweupe kwa kusudi, anapata dhambi kubwa, anatubu na analipa siku yake, wala hatozwi siku 60. Wahanafi na Wamaliki wameipanua kafara kwa anayekula au kunywa kwa kusudi, lakini dawa iliyoingia kwa njia ya pua hata wao hawakuitoza kafara. Basi shemeji yako ameitoa wapi? Si kwetu wala si kwa jirani. Na katika hadithi hiyo hiyo anayoitegemea, yule mtu aliposema hawezi kuacha huru mtumwa, wala kufunga, wala kulisha maskini, Mtume alimpa kapu la tende alilishe, na alipoeleza kwamba hakuna katika mji watu maskini kuliko nyumba yake, Mtume alicheka akamwambia alishe watu wake. Aliyekosa kweli aliondoka na tende, na wewe uliyetumia dawa kwa agizo la daktari umeondoka na deni la miaka minne.

Kuhusu dawa yenyewe, kama inafunguza au haifunguzi, hapo pana mjadala wa kielimu na sitaki kuudharau. Wanaosema inafunguza wana hoja. Fukahaa wetu, yaani wanavyuoni wa sheria, wanasema saumu hubatilika kwa kitu chenye mwili kuingia ndani ya jaufi, yaani uwazi wa ndani ya mwili, kupitia tundu lililo wazi, kwa kusudi la mtu na kwa hiari yake, na pua ni tundu lililo wazi. Wanaongeza hadithi ya Laqit bin Sabira, ambaye Mtume alimwambia azidishe kupandisha maji puani isipokuwa akiwa amefunga, na kutokana na katazo hilo wanajua kwamba pua ni njia ya kufikia ndani. Yote hayo ni sahihi. Tatizo ni kwamba shemeji yako amechukua nusu ya maneno yao akaiacha nusu iliyobaki. Fukahaa hao hao wameweka mpaka: pua yote mpaka khaishumu, yaani ukomo wake wa juu, ina hukumu ya nje, na kilichobaki hapo hakijamfunguza mtu. Wakasema pia kwamba maji ya udhu yakimponyoka mtu yakaingia ndani, na yeye hakuzidisha katika kuyapandisha, saumu yake ni salama. Na hadithi ya Laqit yenyewe imemkataza aliyefunga kuzidisha, haikumkataza kupandisha. Kila aliyefunga anatia maji puani katika udhu mara kadhaa kwa siku, na unyevu unaobaki baada ya kupenga haujawahi kumbatilishia mtu saumu.

Najua atakayejibu kwamba udhu umeamrishwa na dawa haikuamrishwa. Namkumbusha hadithi ya Usama bin Sharik, ambamo mabedui walimuuliza Mtume kama wajitibu, akawaambia wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Hata hivyo sikubaliani pia na wale wanaosema kwamba dawa haina neno kwa sababu ni chache. Katika madhehebu yetu uchache si hoja, kwani punje ya ufuta ikimezwa kwa kusudi inafunguza kama sinia la pilau. Kinachotazamwa ni mahali ilipofika na namna ilivyofika. Matone ya dawa hizi yanapotoka kwenye kichupa ni makubwa kiasi, na mengi hutua sehemu ya mbele ya pua. Baadaye pua huyasukuma taratibu pamoja na kamasi kuelekea kooni, na mtu hana habari. Hukumu ya kinachoshuka hivyo kwangu ni hukumu ya kohozi linaloteremka kutoka kichwani, ambalo Imamu Nawawi amelieleza katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafii: likifika mahali pa kuweza kulitema, litemwe, na mwenye kuliacha likaingia ndani hali anaweza kulitoa amefungua. Asiyeweza kulizuia hana lawama. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanavyuoni, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, ilihesabu matone ya pua na dawa ya kupuliza puani miongoni mwa visivyofunguza, kwa sharti kwamba mtu aepuke kumeza kilichopenya mpaka kooni. Wengi wanaoinukuu fatwa hiyo hulisahau sharti, na wengi wanaoipinga hawajui kwamba sharti hilo ndilo linaloileta karibu na maneno ya fukahaa wetu.

Kwa hiyo siku ambazo ulipuliza na hukuhisi kitu kooni, saumu yako ni sahihi. Siku ambazo unakumbuka kwa yakini kwamba uliuhisi uchungu wa dawa kooni, ukaweza kuutema, ukaumeza, lipa siku moja kwa siku moja. Siku unazotilia shaka ni sahihi, kwani yakini haiondolewi na shaka, na usianze kujichimbua kumbukumbu za Ramadhani nzima mpaka ukaunda siku ambazo hazikuwepo. Wapo maulamaa wa madhehebu yetu watakaokuambia ulipe zote 23 kwa kuchukulia kwamba mpulizo huvuka khaishumu. Rai yao inaheshimika, na ukitaka kuifuata kwa hiari yako utapata thawabu, ila mimi sikulazimishi.

Neno lililoniudhi zaidi katika barua yako ni hilo la kwamba mafua si ugonjwa. Aliyelisema ana pua nzima, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mafua mepesi, ya siku mbili tatu, ni kweli hayamhalalishii mtu kula mchana, kama yasivyomhalalishia maumivu madogo ya kichwa. Lakini Mwenyezi Mungu aliposema katika Suratul Baqara kwamba aliye mgonjwa au safarini atimize hesabu katika siku nyingine, hakutoa orodha ya magonjwa na wala hakukipa kiungo kimoja heshima kuliko kingine. Fukahaa walipima kwa uzito wa mashaka: ugonjwa unaomtia mtu katika taabu kubwa, au unaohofiwa kuzidi au kuchelewa kupona, ni udhuru, uwe wa tumbo, wa moyo au wa pua. Mzio mkali unaomkosesha mtu usingizi wiki nzima, unaomzuia kufanya kazi yake, na ambao mara nyingi huandamana na pumu na kuichochea, kipimo cha uzito wake ni daktari mwaminifu na mgonjwa mwenyewe anayeujua mwili wake. Watu wa barazani hawamo katika kipimo hicho. Ewe unayesoma jibu hili ukiwa na desturi ya kuwagawia watu hukumu, isome hadithi ya Jabir kwa Abu Daud. Mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akaota usiku ndoto ya janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alisema wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue, kwa nini wasiulize wasipojua? Wale walikuwa watu wema waliotaka kuilinda dini.

Sasa nikushauri, na ushauri huu huenda ukakufaa kuliko hukumu. Dawa za aina uliyoandikiwa, kama flutikasoni na mometasoni, hupulizwa mara moja kwa siku, na hazifanyi kazi kwa kukimbilia: nguvu yake kamili huonekana baada ya siku kadhaa za kutumia bila kukatiza, pengine wiki mbili. Maana yake ni kwamba saa ya kupuliza yaweza kuhamishwa. Mwulize daktari wako au mfamasia uihamishie baada ya futari au wakati wa daku, kila siku saa ile ile, na uanze kabla ya Ramadhani kuingia ili mwandamo ukukute pua imeshatulia. Ukifanya hivyo umetoka katika hitilafu yote niliyoieleza hapo juu, na ndiyo njia ninayokutaka uifuate. Vidonge vya mzio vinavyomezwa mara moja kwa siku navyo vina nafasi yake usiku. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi nako kuache mpaka usiku, kwa sababu maji hayo ni mengi na ndiko kule kuzidisha alikokatazwa Laqit.

Ikitokea umezidiwa mchana na huna budi, inamisha kichwa mbele kidogo, elekeza mdomo wa kichupa upande wa nje wa pua badala ya ukuta wa katikati, vuta pumzi polepole bila kunusa kwa nguvu, na ukihisi chochote kooni kiteme. Madaktari huwaelekeza wagonjwa wao hivyo hivyo, kwa sababu dawa iliyofika kooni haikuitibu pua. Ukizidiwa zaidi ya hapo, fungua na ulipe siku moja baadaye, wala usione haya mbele ya mtu. Jihadhari lakini na dawa za kuzibua pua papo hapo zinazouzwa madukani, kama oksimetazolini: zikitumiwa zaidi ya siku chache pua huziba vibaya kuliko mwanzo, na nimeona watu wanaozifuata hizo kwa kuwa hawakupewa maelezo.

Mume wako mwambie kwa upole kwamba nimemtaja. Kunyamaza kwake wakati mkewe anaacha dawa kwa hofu hakukuwa heshima kwa nduguye. Matibabu yako ni katika kuishi nawe kwa wema alikoamrishwa, na ningependa aende pamoja nawe kwa daktari, kisha amsomee nduguye jibu hili bila ugomvi. Shemeji yako naye usimnunie, kwani nadhani alikusudia kheri.

Rudi kwenye dawa yako wiki hii, usingoje Ramadhani. Na zile siku ulizo na yakini nazo, kama zipo, zilipe kabla ya Shaabani kwisha, kwani mwenye kuzichelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine, kwa madhehebu yetu huongezewa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wallahu aalam.