Kumpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaojiandaa kumsafirisha ndugu kwenda hospitali ya rufaa iliyo mbali na nyumbani. Nimeyafupisha.

Mama ana miaka 67, naishi naye Sumbawanga. Amepewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar es Salaam. Kaka zangu wanasema nisiharibu nauli: tumpandishe basi, kaka mkubwa anayeishi Mbezi atampokea na kumpeleka. Lakini mimi ndiye ninayemuuguza. Nifanyeje?

Nenda naye, dada yangu. Nauli hiyo haiharibiki. Kaka anaijua Dar, ila hajui damu ilianza kutoka lini, mama amepungua kiasi gani, wala ni dawa ipi iliyomtapisha usiku kucha. Daktari atauliza hayo hayo. Na mama zetu wengi wakishaketi mbele ya daktari na kuulizwa wanaendeleaje, hujibu "sijambo, namshukuru Mungu", maumivu yote wakayaacha nje ya mlango. Aliyelala naye chumba kimoja ndiye anayeweza kusema kwa upole: "Mama, mweleze na yale ya usiku."

Kaka naye ana kazi kubwa. Awapokee stendi ya Magufuli, atafute pa kulala karibu na hospitali, awahi foleni ya asubuhi. Mwambie, "Kaka, wewe tushikie mji, mimi nimshike mama." Sidhani atakataa.

Ila zungumzeni mapema kuhusu muda. Ikiamuliwa apate mionzi, mara nyingi matibabu huwa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kama huwezi kukaa muda wote huo, mpangie wa kukupokea zamu kabla hamjaondoka, na mwachie daftari: dawa, saa zake, mama anachokula, anacholalamikia. Daftari hilo lianze leo.

Mume wangu alikatwa kipande kidogo cha nyama shingoni kikapimwe, majibu yametoka, sasa tunatoka Bukoba kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Tubebe nini zaidi ya barua ya rufaa?

Karatasi ya majibu pekee inaweza isitoshe. Kabla ya kuondoka, iulize maabara iliyopima kipande hicho kama mnaweza kupewa vile vioo vidogo vilivyosomwa kwa darubini, pamoja na nyama iliyohifadhiwa kwenye nta. Bingwa mara nyingi hutaka wataalamu wake wavisome upya, na visipokuwepo mgonjwa anaweza kukatwa tena au kusubiri vitumwe. Vifungeni visivunjike, msiviache juani.

Picha za eksirei na CT bebeni zenyewe, bila kuzikunja, au CD yake, pamoja na ripoti. Msiache pakiti za dawa anazotumia, hata za kienyeji mtaje. Barua ya rufaa iwe na sahihi na mhuri, na kama anatumia bima, hakikisheni majina yanafanana kwenye kadi, kitambulisho cha NIDA na barua. Herufi moja ikitofautiana mnaweza kuzungushwa madirishani asubuhi nzima. Pigeni kila karatasi picha kwa simu, na nakala moja ibaki nyumbani.

Halafu pigeni simu hospitali kabla ya kukata tiketi. Kliniki za mabingwa zina siku zake, na mkifika siku isiyo yenu mtaongeza gharama za kulala gesti.

Baba moyo wake umetanuka, na ana sukari, anachoma insulini. Tunatoka Songea kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hataki kumeza dawa ya kukojosha siku ya safari kwa sababu ya basi. Tumwache?

Msimwache akaamua peke yake. Namwelewa, ni aibu kwa mtu mzima kumsimamisha dereva kila mara. Lakini akiiacha, maji yanaweza kujaa mwilini na akafika akihema. Mwende kwa daktari wenu wa hapo Songea mumuulize kama anaweza kubadilisha saa ya kuimeza. Mjulisheni kondakta mapema, mkate siti za mbele upande wa njia, na kila basi likisimama ashuke anyooshe miguu.

Insulini isiingie kwenye buti, kule joto huiharibu. Ikae kwenye mkoba wenu, na kama mna barafu isigusane nayo. Saa za kuchoma ziende na saa za kula: basi likichelewa kufika pa kulia chakula, muwe na cha kula mkononi. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea visivyoeleweka, na bado anaweza kumeza, mpeni haraka soda yenye sukari au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha ale.

Nampeleka baba hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya tezi dume. Amesema nisiingie chumba cha daktari. Mimi ni bintiye wa kwanza na ndiye ninayelipa. (Tanga)

Usiingie. Mwili ni wake, na kulipa hakukupi haki ya kuingia. Tena kwa ugonjwa huo, baba kupimwa mbele ya bintiye ni jambo zito mno. Muulize kama angependa kaka yako au mpwa wake wa kiume aende naye. Kama hapendi hata huyo, mwombe jambo moja: akimaliza kupimwa na kuvaa, amwambie daktari akuite usikie maelekezo ya dawa na tarehe ya kurudi. Wazee wengi hukubali hilo. Usimfuate daktari kwa siri baada ya hapo. Baba akigundua, safari ijayo atakataa kwenda.

Bibi hana bima wala pesa, ana miaka 72. Kuna msaada?

Upo. Sera ya afya ya Tanzania inawapa msamaha wazee wasio na uwezo kuanzia miaka 60 katika hospitali za umma. Anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa upate barua ya utambulisho, kisha mkifika hospitali mwende kwanza ofisi ya ustawi wa jamii, kabla bili haijaanza kusoma. Nauli na malazi jipangieni wenyewe.

Tumeambiwa tutafute watu wa kuchangia damu kabla ya upasuaji. Lazima wawe wa kundi la mgonjwa?

Hapana, damu yao inaingia benki ya damu na mgonjwa anapewa inayomfaa. Wawe wazima wa afya, miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50. Mkiwa wageni mjini, wapigieni simu ndugu na watu wa kwenu wanaoishi huko wiki moja kabla. Akitokea mtu anayetaka kuwauzia damu kwenye korido ya hospitali, mtajeni kwa muuguzi.