Shemeji anataka nikope kikoba kwa jina langu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane wa miaka 34, nakaa Mbagala na watoto watatu, vyumba viwili kwenye nyumba aliyoiacha marehemu mume wangu. Napika vitumbua asubuhi, siku sita kwa wiki, na siku nzuri nabaki na sh. 9,000. Niko kwenye kikoba cha wanawake 25, hisa moja sh. 2,000, na mpaka sasa nina hisa za sh. 240,000. Tunakopeshwa hadi mara tatu ya hisa, riba asilimia 10, marejesho kwa wiki 12. Shemeji kalijua hilo. Sasa anataka nikope sh. 700,000 ziwe kianzio cha bodaboda yake, anasema marejesho atatoa yeye. Mimi nilikuwa nataka laki na nusu tu ya biashara yangu. Nikimkatalia naogopa nitafukuzwa, maana wanasema nyumba ni ya ukoo. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa hayo yaliyofuata, ambayo mara nyingi humchosha mjane kuliko msiba wenyewe.

Tupige hesabu kwanza. Laki saba na riba yake ni sh. 770,000. Gawa kwa wiki 12, kila Jumamosi ya kikao inadai kama sh. 64,000. Wewe ukiuza vizuri siku zote sita unapata 54,000, na hapo watoto hawajala. Maana yake ile wiki shemeji atakayokwambia "pikipiki iko gereji", hutaweza kumfidia hata mkilala njaa wote wanne. Zikigoma wiki nne tu, hisa zako zote zimeshaliwa. Desemba wenzako wanavunja kikoba na kugawana, wewe Januari unatafuta sare za kuazima. Halafu kuna wadhamini wako. Hao ni majirani zako, mnachota maji bomba moja.

Nimeshaungua hapo, ndiyo maana nasema kwa ukali. Nilimdhamini rafiki, akahama mtaa bila kuaga, mimi nikauza cherehani. Mpaka leo sijui alikohamia.

Sasa namna ya kumkatalia bila kugombana. Kikoba chako kimekupa kinga na hujaiona. Fikiria Jumamosi inavyokuwa: sanduku liko katikati, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti, kila mmoja anafungua ya kwake watu wote wakitazama. Anayekopa anasimama, anataja kiasi, anaulizwa mkopo wa nini. Utajibu nini? Ukisema ni wa vitumbua, umewadanganya wanawake 24. Ukisema ni bodaboda ya shemeji, watakukatalia. Basi mwambie shemeji hivyohivyo: "Shemeji, kule mkopo unaombwa mbele ya watu na lazima niseme ni wa nini. Nitasema ukweli." Akisisitiza, mnong'oneze mwenyekiti mapema, kisha nenda kaombe kweli. Wacha kikao kikatae. Hasira zake akazipeleke kwa wanawake 24, tuone.

Na wifi yako, mke wake, kwani hana miguu? Mzunguko ujao aje anunue hisa zake, akope zake.

Akigeuza kibao na kukwambia basi ukachukue kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, kwa jina lako, hapo usizunguke, kataa wazi. Hiyo haina kikao wala jirani wa kukuonea huruma. Watakuja kubeba jiko na kitanda.

Mkopo wako wa laki na nusu uchukue. Marejesho hayafiki 14,000 kwa wiki, unayaweza. Nunua kiroba cha mchele na dumu la mafuta, uache kupima kilo mojamoja dukani kwa Mangi, maana hapo ndipo faida yako inapomwagika. Muulize na katibu kama kikundi kimesajiliwa. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama chenu vinatambuliwa, na usajili unapitia halmashauri. Hukohuko kuna mikopo isiyo na riba, inayotoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia nne ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa 2023, baadaye ikarudishwa.

Lakini mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na naona kinachokutisha si laki saba. Ni nyumba. Hujaniambia kama mirathi imefunguliwa. Kama bado, hilo neno "ya ukoo" ni maneno ya barazani tu, na ukiwakopea leo watalirudia tena mwakani wakitaka kingine. Tafuta cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na karatasi yoyote ya kiwanja. Uliza mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe jinsi ya kufungua mirathi na kuteua msimamizi. Mara nyingi wanataka muhtasari wa kikao cha familia, na hapo ndipo wanaweza kukuzungusha. Wakikuzungusha, nenda TAWLA, wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo.

Nenda wiki hii, siku usiyopika. Karatasi zako usiziache ndani, mpe mtu unayemwamini akushikie, asiwe wa upande wa shemeji. Ukipata tarehe ya mahakama, niandikie.