Chupa ya kifuani isipakatwe

SWALI: Mdogo wangu ana usaha kifuani, amewekewa mpira ubavuni unaoingia kwenye chupa. Tulipohamishiwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kutoka Sengerema, kwenye kivuko cha Kamanga niliipakata chupa isimwagike. Nesi akang'aka niishushe haraka. Kosa langu nini? Na sasa daktari anataja upasuaji. Ndiyo saratani hiyo?

JIBU: Nesi alikuwa sahihi. Chupani kuna maji safi, na ncha ya mrija imezama humo kama sentimita 2. Maji hayo ni kama mlango wa kutokea tu: usaha na hewa vinatoka, hewa ya nje haipati njia ya kurudi. Lakini kila mgonjwa anapovuta pumzi, kifua kinafyonza. Chupa ikiinuliwa usawa wa kifua, ule uchafu unarudi ndani. Ikae sakafuni, wima. Ikianguka, ncha inatoka majini na hewa inaingia.

Tazama maji ndani ya mrija. Hupanda na kushuka mgonjwa akihema. Yakitulia tuli, angalia kwanza kama mpira umekunjika au ameulalia. Kama sivyo, ama umezibwa na usaha mzito, ama pafu limeshatanuka vizuri. Picha ya kifua ndiyo itakayosema. Mpira unaotoa mapovu msiubane kamwe, hata safarini (wengi hubana kwa nia njema kabisa), kwa sababu hewa hujikusanya kifuani ikausukuma moyo. Ukichomoka chupani, tumbukiza ncha yake kwenye maji safi. Ukichomoka ubavuni, funika tundu kwa gozi, bandika plasta pande 3, muite nesi mbio.

Upasuaji wenyewe hauna maana ya saratani. Usaha ukikaa wiki nyingi hujenga ganda gumu linalolibana pafu, na mpira hauwezi kulibandua. Daktari hufungua kifua akalimenya. Ulizeni tu kama usaha na makohozi vimepimwa kifua kikuu, maana kikiwepo, kisu peke yake hakitoshi, dawa za miezi 6 lazima. Saratani ikishukiwa, hukatwa kipande cha utando unaozunguka pafu kikapelekwa maabara.

Kwa sasa asilale tu. Akikohoa akumbatie mto ubavuni, na akitembea chupa ibebwe chini ya kiuno.