Umeitetea imani, lakini umemhukumu dada yako

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, ninaishi Salt Lake City, Utah, pamoja na mke wangu na watoto. Ni mshiriki wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, katika tawi ambalo mikutano yake ni kwa Kiswahili, na wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia washiriki wapya kuwajibu watu wanaolipinga Kanisa. Majuzi, katika Shule ya Jumapili, dada mmoja mjane kutoka Kongo aliweka kidole kwenye ukurasa wa Tamko Rasmi la 2, sehemu ya maandiko yetu inayotangaza kuondolewa kwa zuio la kuwapa wanaume weusi ukuhani, akauliza: kama baba yake angebatizwa mwaka 1977, je, angepewa ukuhani, ambao kwetu hupewa wanaume wa kawaida wanaostahili? Akaongeza kwamba siku za Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, walikuwako watu weusi waliotawazwa, na kwamba zuio lilikuja baadaye. Mwalimu akafunga somo. Mimi nilirudi nyumbani nikaandika waraka wa kurasa sita, nikautoa nakala na kuzigawa kwa familia za tawi. Nilieleza, kama nilivyofundishwa na mzee aliyenibatiza, kwamba zuio lilitokana na roho nyingine kutosimama imara katika maisha kabla ya kuzaliwa. Nilimtaja dada huyo kwa jina, nikaandika kuwa ni mwasi anayetia sumu katika kisima wanachonywea watoto wetu. Tangu hapo hajaonekana kanisani. Mke wangu, ambaye ni rafiki yake, amenikasirikia. Ndugu mwingine ananiomba waraka huo aupeleke kwa Waswahili wenzetu wa jimbo jingine. Je, nimekosa kuitetea imani yangu?

Mtetezi, Salt Lake City

Marahaba, ndugu yangu.

Mimi si mshiriki wa kanisa lenu, na sitakuamulia kama Joseph Smith alikuwa nabii, kwa sababu hilo ni la imani yako na sala zako. Ulichoniuliza ni kama umekosa, nami nitakujibu bila kuzunguka. Hukukosea kuitetea imani yako, maana kila mwenye dini ana haki ya kueleza kwa nini anaamini anachoamini. Ulikosea pale ulipoliacha swali ukamgeukia muulizaji, na kosa hilo limezidishwa na jingine ambalo nadhani hujaliona bado: katika jambo lenyewe mlilokuwa mkilizungumzia, aliyekuwa karibu na mafundisho ya kanisa lenu ni yeye, si wewe.

Elijah Ables, mtu mweusi ambaye jina lake huandikwa pia Abel, alitawazwa kuwa mzee, yaani daraja la ukuhani, mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Zuio la kuwatawaza watu weusi lilitangazwa hadharani na Brigham Young, aliyeliongoza Kanisa baada ya Joseph Smith, mwaka 1852, huko huko Utah unakoishi, nalo likadumu hadi Juni 1978, Rais wa Kanisa Spencer W. Kimball alipotangaza ufunuo wa kuliondoa. Kwa hiyo jibu la swali la dada huyo ni fupi na linauma: baba yake angeweza kubatizwa mwaka 1977, lakini asingewekewa mikono apewe ukuhani. Desemba 2013 Kanisa lenyewe lilitoa insha juu ya rangi na ukuhani, moja katika mfululizo wa insha zilizoidhinishwa na Urais wa Kwanza na Mitume Kumi na Wawili, viongozi wake wakuu, na ndani yake linazikana nadharia zilizotolewa zamani, kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana au ya kutopendwa na Mungu, au kwamba inaonyesha matendo maovu ya mtu katika maisha kabla ya kuzaliwa. Hata toleo la Kiingereza la maandiko yenu la mwaka 2013 lina utangulizi juu ya Tamko Rasmi la 2 unaokiri kwamba watu weusi wachache walitawazwa wakati wa uhai wa Joseph Smith, na kwamba kumbukumbu za Kanisa hazionyeshi wazi asili ya zuio lile.

Sasa urudie waraka wako. Maelezo yale ya roho ambazo hazikusimama imara ndiyo hasa yaliyokanwa. Umewagawia majirani zako, kwa jina la Kanisa, fundisho ambalo Kanisa limelikataa, na katika waraka huo huo umemwita mwasi mtu aliyesema lililoandikwa na viongozi wako. Tena, ndugu yangu, wewe ni mweusi, na watoto wako ni weusi. Fundisho ulilolitetea linawasema wao kabla hawajazaliwa. Siamini hata kidogo kwamba ulikusudia hivyo. Mzee aliyekubatiza alikupa alichopewa yeye, kama walivyopewa wengi wa rika lake, na wewe ukakipokea kwa heshima kwa sababu ulimpenda. Lakini anayejitwika kazi ya kuwajibia wenzake ana wajibu wa kuangalia kwanza kama jibu alilorithi bado ni jibu la kanisa lake.

Ugomvi wa aina hii si mgeni huko Utah, na inafaa uujue kwa kuwa umejiweka katika kundi la watetezi. Mwaka 1979 wasomi waumini walianzisha taasisi iliyojulikana kwa kifupi kama FARMS, ya kukitafiti na kukitetea Kitabu cha Mormoni, kimoja cha vitabu vyenu vya maandiko, na mwaka 1997 ikaingizwa chini ya Chuo Kikuu cha Brigham Young. Jarida lake la mapitio, lililohaririwa kwa zaidi ya miaka 20 na Daniel C. Peterson, lilitoa kazi nyingi zenye uzito, lakini wakosoaji wake, na baadhi yao walikuwa waumini, walililaumu kwa kuwashambulia waandishi badala ya hoja zao, lawama ambayo wenye jarida hawakuikubali. Mwaka 2012 makala ndefu juu ya John Dehlin, mshiriki aliyekuwa akitangaza mahojiano na watu wenye mashaka juu ya Kanisa, ilisimamishwa isichapwe, na katikati ya mwaka huo Peterson akaondolewa uhariri. Kama jambo la kwanza ndilo lililosababisha la pili, watu wanabishana hadi leo. Yeye na wenzake walianzisha jarida jingine mwaka huo huo, na makala hiyo ikaja kutolewa huko.

Dehlin alitengwa na Kanisa Februari 2015. Sikuelezi hayo ili uone nani alishinda, bali uangalie uamuzi huo ulipitia mlango gani. Kurasa za wale waliomwandika, nyingi na za kisomi kama zilivyokuwa, hazikumtoa katika ushirika. Waliofanya hivyo ni viongozi wa kigingi chake, yaani jumuiya ya makutaniko ya eneo lake, baada ya kumwita na kumsikiliza, kwa sababu ndio waliokabidhiwa kazi hiyo. Katika tawi lenu kazi hiyo ina mwenyewe, naye ni rais wa tawi akishirikiana na walio juu yake. Wewe hukuitwa katika kazi hiyo. Ulipoandika neno "mwasi" mbele ya jina la mjane yule ulitoa hukumu bila kiti cha kuhukumia, na hukumu hiyo ukaifikisha kwa watu wote kabla haijamfikia yeye. Mafundisho na Maagano, kitabu chenu kingine cha maandiko, ambayo bila shaka unayajua kuliko mimi, yanasema katika sehemu ya 42, mstari wa 88, kwamba ndugu au dada akikukosea, umwendee ninyi wawili peke yenu. Katika barua yako nimetafuta mahali ulipomwendea, sikupaona.

Kuna mtu mwingine wa Utah ambaye ningependa umfikirie. Juanita Brooks alikuwa mwalimu katika mji wa St. George, mshiriki mwaminifu ambaye aliwahi kuongoza Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama katika kigingi chake. Mwaka 1950 alichapisha historia ya mauaji ya Mountain Meadows, mahali ambapo tarehe 11 Septemba 1857 wanamgambo wa Kimormoni, yaani wa kanisa lenu, wakiwa pamoja na baadhi ya Wapaiute, waliwaua wasafiri wapatao 120 waliokuwa njiani kwenda California. Wako waliomwona kuwa anawachafua wazee wake na kanisa lake. Yeye hakutengwa wala hakuondoka, alibaki mshiriki hadi alipofariki mwaka 1989. Septemba 2007, miaka 150 baada ya mauaji yale, mtume Henry B. Eyring alisimama mahali penyewe akasoma tamko la majuto kwa niaba ya viongozi wa Kanisa. Fikiria ingekuwaje kama jirani mmoja mwenye bidii angefaulu kumkimbiza mama yule mapema, na kanisa likakosa mtu wa kulieleza ukweli wake kwa upendo.

Simfananishi dada wa tawi lenu na Juanita Brooks, wala sisemi kwamba kila anayeuliza anauliza kwa nia njema. Wapo wanaofurahia kuwaona waumini wakibabaika, na watu wa namna hiyo wamekuumiza, naelewa. Lakini tazama alichofanya huyu. Hakugawa karatasi, hakumtukana mtu, aliweka kidole kwenye maandiko yenu akauliza juu ya baba yake. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mtoto aliyeuliza kama baba yake angekubaliwa hakuwa akitafuta ushindi wa hoja, alikuwa akisikiliza kama katika chumba kile kuna mtu atakayesema, "Dada, hata mimi swali hilo linaniumiza." Mwalimu alifunga somo, nawe ukampelekea kurasa sita.

Basi fanya hivi. Kabla ya Jumapili ijayo andika ukurasa mmoja tu, wala usiuongeze. Useme wazi kwamba maelezo uliyoyatoa juu ya maisha kabla ya kuzaliwa si mafundisho ya Kanisa na kwamba Kanisa limeyakana, uwaelekeze wasomaji kwenye insha ile, kisha useme kwamba ulimtaja dada yako kwa jina na kumwita jina lisilo lake, na kwamba unayafuta maneno hayo. Uwape wale wale waliopokea waraka wa kwanza, nyumba kwa nyumba, na uwaombe wakurudishie nakala zao. Usiandike "kama kuna aliyeudhika", kwa maana unamjua aliyeudhika, na kila mtu katika tawi anamjua. Mweleze pia rais wa tawi ulichofanya na unachokwenda kufanya, asije akakisikia kwa wengine.

Kisha umwendee dada mwenyewe, ukiwa na mke wako, kwa kuwa ni mjane na ni rafiki wa mke wako, na itampa nafuu kuwaona nyote wawili mlangoni. Msichukue karatasi wala maandiko. Umwambie ulilokosea kwa maneno yako mwenyewe, umjibu swali la baba yake kama nilivyokujibu mimi, bila kulipamba, halafu unyamaze umsikilize. Akilia, akikukemea, akikataa kuzungumza, yote hayo ni haki yake. Usimwombe siku hiyo arudi kanisani, maana akisikia ombi hilo atadhani umekuja kwa ajili ya idadi ya watu katika viti, na atakuwa na sababu ya kudhani hivyo. Mke wako naye usimtume atangulie kukutengenezea njia. Hasira yake ina msingi, na ataituliza mwenyewe akiona umetenda.

Kuhusu kazi yako ya kuwasaidia washiriki wapya, sikuambii uiache. Watu waliokuja Marekani wakiwa wakimbizi, ambao huulizwa kazini na shuleni maswali magumu juu ya dini yao, wanahitaji mtu wa lugha yao aliyesoma. Nakuomba tu usome kwanza insha hizo zote za Kanisa, zikiwemo zile za ndoa ya wake wengi na Kitabu cha Ibrahimu, kabla ya kusoma hoja za watetezi wala za wapinzani. Na mtu akikuuliza jambo, ujibu jambo, na lile usilolijua ukiri hulijui. Jina la mshiriki mwenzako lisiingie tena katika maandishi yako, liwe la kusifiwa au la kulaumiwa, bila yeye kuyasoma kwanza na kukubali.

Umebaki na ndugu yule anayetaka waraka aupeleke jimbo jingine. Mkatalie leo hii, usingoje Jumapili, na umweleze sababu zote mbili: kwamba fundisho lililomo limekanwa na Kanisa, na kwamba ndani yake kuna jina la mtu ambaye hujamwomba radhi. Akisema tayari anayo nakala, mfuate nyumbani kwake uichukue.

Shangazi