Kwa mnaoanza vichekesho vya upelelezi hapa Mwanza

Wadogo zangu, hili la koti refu na kofia ya pama saa saba mchana pale Kirumba Mwaloni tuliongee sasa, maana kila kundi jipya linaanzia hapo hapo. Koti, sigara isiyowashwa, sauti ya kukwaruza, halafu mnakunja sura mkisubiri watu wacheke. Hawacheki. Vipaji mnavyo, ndiyo maana inaniuma.

1. Mnachokiigiza kijueni kwanza. Tafuteni Dead Men Don't Wear Plaid ya mwaka 1982, kaiongoza Carl Reiner, na Steve Martin ndiye mpelelezi Rigby Reardon. Ni nyeusi na nyeupe, na ndani yake vimechomekwa vipande vya filamu za zamani, karibu zote za miaka ya 1940, hadi Martin anaongea na Humphrey Bogart aliyefariki 1957. Mavazi kabuni Edith Head, muziki kautunga Miklós Rózsa. Wote wawili walifanya kazi kwenye Double Indemnity ya 1944, mojawapo ya filamu zilizokatwa vipande hivyo. Reiner alikwenda kwa mafundi wenyewe.

2. Mchekeshaji asijue kama anachekesha. Mtazameni Martin anapochemsha kahawa. Anamimina unga kutoka kwenye mfuko, anamimina, bado anamimina, na uso ni wa mtu aliye kazini. Angetabasamu kidogo tu, sini ingekufa.

3. Macho na mwanga. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo kazi za watu zinapopotelea. Kuna vijana walikuwa na wazo zuri kweli: mpelelezi wa Igogo amhoji jambazi aliyemo kwenye filamu yao wenyewe ya zamani. Kwenye kile kipande ni usiku, jambazi kamulikwa kutoka kushoto na anatazama kulia. Mpelelezi wakampiga picha juu ya miamba ya Capripoint, jua la utosi, kivuli kimejikunyata miguuni kama kawaida yetu huku karibu na ikweta. Na yeye akatazama kulia. Tulipokaa kuediti, tukaona watu wawili wanaongea na mtu wa tatu asiyekuwepo. Wakageuza picha ya mpelelezi, maandishi ya duka nyuma yake yakasomeka kinyume. Wakatoa rangi, kivuli cha mchana kikabaki pale pale chini ya pua. Yule kijana aliyecheza alikuwa amekariri maneno yake yote bila kuteleza, na kavaa uhusika vizuri kuliko wengi ninaowajua. Akaitazama ile sini mara moja, akaomba aende nje. Ikafutwa yote.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kushuti, simamisha kile kipande kwenye simu, andika macho yanaelekea wapi, taa inatoka wapi, kamera iko kimo gani. Mtu mmoja asimame na hiyo simu kando ya kamera, asifanye kazi nyingine. Na kama ndiyo mara yenu ya kwanza, anzeni na maongezi ya simu. Rigby naye anampigia Bogart, kwa sababu wanaoongea kwa simu hawahitaji kutazamana.

4. Usiku tumieni taa moja, ya upande mmoja. Mkitaka ziwa liwe nyuma, nendeni siku za giza, dagaa wanavuliwa na taa za mitumbwi zimejipanga zenyewe hadi mbali. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wa dagaa wanapumzika, hampati kitu.

5. Kibali cha Bodi ya Filamu kwanza, kamera baadaye.

6. Nani kawaambia mpelelezi lazima awe wa Marekani? Tunaye Bwana Msa na kiko chake, tunaye Willy Gamba, tunaye Joram Kiango. Baba zenu waliazimana vitabu hivyo mpaka majalada yakatoka. Mchukueni mpelelezi wa namna hiyo, suti safi, maneno mazito, mpeni kesi ya nyavu zilizoibwa Mwaloni, na shahidi wake awe mama muuza dagaa asiyejibu swali lolote mpaka mpelelezi anunue kwanza. Kila swali, kopo moja. Hadi kesi inaisha, mpelelezi kabeba gunia na uso wake haujabadilika.

Atakayeniletea skripti ya hivyo, taa zangu na kamera atatumia bure.