Taa wa Maugean na antekino: tazameni eneo kwanza

Mhariri, swali la wiki liliwalinganisha taa wa Maugean, samaki bapa aliye hatarini kutoweka, na antekino wa kahawia, mnyama mdogo wa kundi la wanyama wenye mfuko, kama kangaruu, aliye wa kawaida misituni mashariki mwa Australia. Mliuliza kwa nini anayestawi ni yule mwenye maisha mafupi.

Maisha ya antekino ni ya kutisha kweli. Dume halifikishi mwaka. Majira ya kupandana yakifika, homoni za msongo hupanda mpaka kinga ya mwili inaporomoka na tumbo kupata vidonda; madume yote hufa ndani ya wiki chache, kabla watoto hawajazaliwa. Jike nalo huzaa watoto wengi kuliko chuchu zake, na anayekosa chuchu hafi kesho, hufa leo. Lakini msitu wake ni mpana: mwaka ukiwa mbaya bonde hili, bonde la pili huzaa.

Taa hana bonde la pili. Amewahi kupatikana katika maghuba mawili tu ya Tasmania, Bathurst Harbour na Macquarie Harbour, na karibu wote waliobaki wako hili la pili. Mlango wake ni mwembamba na wa kina kifupi, kwa hiyo maji mapya ya bahari huingia kwa shida. Juu hutanda maji matamu ya mito Gordon na King. Chini, bakteria wanaoozesha chakula na kinyesi cha samoni wa vizimbani humaliza oksijeni. Taa akipanda, chumvi inapungua. Akishuka, anakosa pumzi. Dhoruba nayo huweza kuyasukuma maji mabovu ya chini hadi alipo. Yai ndilo lenye shida zaidi, maana hukaa sakafuni zaidi ya miezi sita bila kusogea. Kwa shida hizo ongezeni na nyavu za jarife zinazomnasa.

IMAS, taasisi ya utafiti wa bahari na Antaktika ya Chuo Kikuu cha Tasmania, ilikadiria mwaka 2023 kwamba idadi yao ilishuka kwa 47% kati ya 2014 na 2021. Sasa wanafugwa, na ghuba linajaribiwa kupuliziwa oksijeni. Kufuga ni akiba nzuri, ila kinda atarudishwa kwenye maji yaleyale.

Anayedhani kuzaa haraka ndiko kunakomwokoa antekino amtazame ndugu yake mwenye mkia mweusi. Madume yake hufa vilevile kila mwaka, lakini makao yake ni vilele vichache vyenye unyevu mpakani mwa Queensland na New South Wales. Tangu 2018 Australia imemworodhesha miongoni mwa walio hatarini.